Kubadilisha Koki ya Sinki la Kunawia

Wakazi wa Kata ya Bagamoyo, Tukuyu, wanakumbushwa kuwa koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Na maji yaliyokwisha kupita kwenye mita hulipiwa na mteja, yatumike yasitumike.

Kabla ya kubadilisha koki hiyo, funga koki ya mita. Legeza nati iliyo chini ya sinki, toa koki ya zamani, kisha weka mpya pamoja na mpira wake. Zungushia tepu nyeupe hesi za bomba la ukutani. Ncha za mpira zenye washa haziihitaji. Kaza kwa kiasi, kwani sinki la kauri hupasuka.

Mwisho, fungulia maji polepole. Ikiwa koki zote za nyumba zimefungwa na mita ingali inazunguka, bado pana uvujaji.