Barua Pepe Zinazojituma: Hakikisha Zinajua Nani Ameshalipa

Una nambari ya tili, una wateja wanaolipa kwa simu, na pengine una daftari lenye anwani za barua pepe za watu waliokuambia "nitumie bei". Je, unaweza kuwaandikia wote bila kukesha ukibonyeza simu? Ndiyo. Njia yenyewe ni mfululizo wa barua pepe unaojiendesha. Unaandika barua zako mara moja tu, unaiambia programu kila moja itoke siku gani, kisha kila anayejiandikisha anazipata kwa zamu yake, awe amejiandikisha leo au mwezi ujao. Mailchimp na Brevo ni baadhi ya huduma zinazofanya kazi hii, na kuzianza si kazi ngumu.

Ugumu uko kwingine: programu hiyo haijui kwamba mteja amekulipa. Hapo ndipo tunataka tukae kidogo.

Tuseme unauza kahawa ya Nyeri iliyokaangwa, pakiti za gramu 250. Mtu akijiandikisha, barua ya kwanza itoke papo hapo, wakati bado anakumbuka jina la biashara yako. Msalimie, mwambie utamwandikia kuhusu nini na mara ngapi, basi. Siku ya tatu mfundishe kitu, kwa mfano tofauti ya kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria na ile ya kuchuja. Siku ya tano ndipo uweke bei na nambari ya tili. Barua tatu zinatosha kuanzia. Wako wanaopanga kumi na mbili, lakini sisi tunaona huko ni kumchosha mtu anayesoma kwa bando lake mwenyewe. Picha pia ziwe chache na nyepesi.

Sasa, mteja akilipa, mfululizo huo lazima ukome kwake. Usipokoma, mtu anakutumia pesa Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi anapata barua inayomuuliza, "Bado hujaagiza?" Yeye hatafikiria mambo ya programu. Atafikiria pesa yake imepotea, au ametapeliwa. Atakupigia, usiposhika ataomba muamala urudishwe, na hata ukimweleza vizuri baadaye, ile imani imeshapungua. Kwa biashara ndogo, mteja mmoja kama huyo ana majirani na makundi ya WhatsApp.

Kwa hivyo aliyelipa ahamishiwe mfululizo wa pili, ule wa wanunuzi. Na huu upangwe kwa hesabu ya bidhaa yako. Anayekunywa vikombe viwili kwa siku, gramu 15 kila kikombe, anatumia gramu 30. Pakiti yake itamaliza takriban siku nane. Barua ya kumkumbusha ikitoka siku ya sita inamkuta akiangalia pakiti inayoisha. Ikitoka siku ya 14, ameshanunua nyingine dukani. Kama unauza chakula cha kuku au mafuta ya nywele, fanya hesabu yako vivyo hivyo. Bidhaa ya bei kubwa usiikumbushe tarehe 20, mwezi ukiwa kona. Ngoja mishahara iingie.

Programu itajuaje nani amelipa? Kama una tovuti iliyounganishwa na malipo ya simu, fundi wako anaweza kuipanga ibadilishe hali ya mteja malipo yakithibitishwa. Wengi hatuko hapo, na si lazima. Kila agizo lipe nambari yake, andika kando yake barua pepe ya mteja, na muombe akutumie msimbo wa muamala akishalipa. Usitegemee jina kwenye ujumbe wa malipo peke yake, kwa sababu mtu huagiza kwa jina lake akalipa kwa simu ya mumewe au ya dada yake. Kila jioni fungua taarifa ya tili yako, linganisha misimbo na maagizo, kisha weka lebo ya "amelipa" kwa kila mhusika kwenye orodha yako. Halafu, na hili wengi hulisahau, panga barua zote za kukumbusha zitoke saa nne asubuhi. Hivyo malipo uliyoyalinganisha jana jioni yatakuwa yameshawekwa lebo kabla ya barua hizo kutoka.

Jambo moja la sheria. Mtu kukulipa si ruhusa ya kumtumia matangazo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya wazi kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Fomu yako iwe na kisanduku ambacho mteja anakitia alama mwenyewe, na kila barua iwe na njia ya kujiondoa inayoonekana. Kumficha mteja mlango wa kutokea hakukusaidii, maana akiukosa atabonyeza kwamba barua yako ni taka. Gmail inawataka watumaji wasifikishe malalamiko ya barua taka 0.3%, yaani watu watatu kati ya 1,000. Ukizidi hapo, hata barua za wateja wanaokupenda zinaweza kuanza kuishia kwenye taka.

Na tafadhali, barua yako isiombe PIN kamwe, hata kwa mzaha. Andika nambari ya tili pamoja na jina la biashara litakalotokea kwenye simu, umwambie mteja alinganishe jina hilo kabla ya kuthibitisha malipo.

Kabla hujaalika mtu yeyote, jiandikishe kwa barua pepe yako nyingine. Soma barua zote kwenye simu, si kwenye kompyuta. Baada ya ile ya siku ya tano, lipa shilingi 10 kwa tili yako kutoka kwa laini nyingine, jiwekee lebo jioni, kisha usubiri saa nne asubuhi uone ni barua gani itaingia.