Mbale na Jinja: Kwa nini mpango mmoja wa mafuriko hautoshi

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala, nayo ikafurika hadi ndani ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Miaka miwili kabla yake, mwezi Mei 2020, wakazi wa ufukweni mjini Jinja walikabiliwa na janga la namna nyingine: Ziwa Victoria lilipanda na kuvuka rekodi ya mwaka 1964.

Tofauti kubwa kati ya majanga hayo mawili ni muda.

Ziwa Victoria lina njia moja tu ya kutoa maji, nayo ni Mto Nile, unaoanzia Jinja. Mvua inapozidi, kina chake hupanda kwa wiki na miezi, na huchukua muda mrefu kushuka. Kwa hiyo mkazi wa ufukweni hupata nafasi ya kuhamisha mali yake mapema, lakini ajiandae kukaa mbali na nyumbani kwa miezi mingi.

Mbale haina nafasi hiyo. Mito yake huteremka kwa kasi kutoka Mlima Elgon. Mvua yaweza kunyesha mlimani huku mjini kukiwa kukavu, kisha maji yakafika kabla ya tangazo la redio. Kinachookoa maisha ni makubaliano ya mapema: nani wa mlimani atampigia simu nani wa bondeni, nani atagonga milango, nani atawabeba wazee, na wote wakutane wapi. Mitaro na madaraja nayo yasizibwe na taka.

Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinahifadhi mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria, na mita 30 kutoka kingo za mito midogo. Hata hivyo, wengi huishi ndani ya mipaka hiyo kwa sababu kodi ni nafuu na riziki iko karibu. Wakiamriwa kuondoka bila kuonyeshwa pa kwenda, watarudi maji yakipungua. Kwa hiyo, iwe Jinja au Mbale, kikao cha mipango kianze na swali lao: tutahamia wapi?