Nyonga na Milango Yake

Wasikilizaji wetu, kila aliyepata kuchinja mbuzi na kumkata viungo ameiona nyonga, hata kama hakujua kwamba ameiona. Kisu kikisha kupita katika nyama ya paja, mguu hupindwa kwa nguvu, mara husikika mlio mdogo, na kichwa cha mfupa wa paja hutoka katika shimo lake, cheupe, laini, cha mviringo kama tufe. Mkichungulia vema mtaona na kamba fupi inayokiunga kichwa kile na shimo. Mwanadamu naye ameumbwa vivyo hivyo. Leo twataka kueleza habari za kiungo hiki, na za milango iliyo kando yake, ambayo mishipa hupita ndani yake kwenda miguuni. Maana kutoijua milango hiyo kumewalemaza watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa miguu.

Tuanze na shimo lenyewe. Warumi wa kale waliliita kwa jina la kikombe kidogo cha siki kilichowekwa mezani wakati wa chakula, na madaktari hulitumia jina hilo la Kilatini hata leo. Kikombe hiki si cha mfupa mmoja. Katika mtoto mdogo mifupa mitatu hukutana ndani yake: wa juu, ule mpana tuuwekeao mikono tunaposhika kiuno, wa chini, ule tuukaliao, na wa mbele, ulio chini ya kitovu, mahali nyonga mbili zinapokutana. Kati yao ni gegedu, nalo hugeuka kuwa mfupa mtoto anapobaleghe, na ile mitatu ikawa mmoja. Ukingo wa kikombe umezungushiwa pete ngumu inayokikumbatia kichwa cha paja. Bega limepewa kisahani, nyonga imepewa kikombe. Kwa hiyo mkono huzunguka upendavyo lakini huteguka upesi, nao mguu hauzunguki sana lakini hauteguki ila kwa kishindo kikubwa.

Tena mbele ya kiungo pana kano nene lenye matawi mawili, ambalo wataalamu wengi hulihesabu kuwa lenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Mtu asimamapo wima, kano hilo hukazika na kuzuia kiwiliwili kisianguke nyuma, na misuli mikubwa ikapata kupumzika. Ndivyo mchunga ng'ombe awezavyo kusimama muda mrefu pasipo kuchoka sana.

Kichwa cha paja hakikukaa moja kwa moja juu ya mfupa wake, bali kimeshikwa na shingo iliyolala upande. Damu ya kukilisha kichwa hupanda kwa mishipa myembamba iliyoshikamana na shingo hiyo. Mzee akijikwaa kizingitini na shingo ikavunjika, mishipa hiyo yaweza kukatika, na kichwa kilichobaki ndani ya kikombe kikafa kwa kukosa damu. Ile kamba fupi tuliyoiona kwa mbuzi hupitisha mshipa mdogo wa damu, walakini kwa mtu mzima hautoshi. Mkimwona mzee aliyeanguka, mguu wake umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, msimkande wala msimsimamishe; mlazeni juu ya ubao mkampeleke hospitali. Nao wenye ugonjwa wa selimundu waweza kupatwa na kufa kwa kichwa hicho pasipo kuanguka, kwa kuwa chembe za damu zilizopinda huiziba mishipa hiyo.

Sasa tuitazame milango. Mlango mkuu ni ule wa uzazi, nao wastahili mazungumzo yake peke yake. Leo twasema habari za milango ya kando.

Wa mbele uko kinenani. Wekeni vidole katikati ya kinena, mtasikia mpigo; huo ni mshipa mkubwa wa damu ushukao pajani. Upande wake wa nje ni mshipa wa fahamu, upande wa ndani ni mshipa urudishao damu, na kando ya huo pana nafasi ndogo tupu. Utumbo huweza kupenya katika nafasi hiyo ukawa ngiri, na ngiri ya mahali hapa huwapata zaidi wanawake. Uvimbe huo ukiwa mgumu, hauingii ndani, na mtu akatapika, si jambo la kungojea asubuhi.

Mlango wa pili ni kama dirisha, tundu kubwa lililo chini ya kikombe. Limezibwa kwa utando, isipokuwa upenyo mdogo juu yake, upitao mshipa wa fahamu uendao paja la ndani. Mshipa huo hutoa vitawi kwa nyonga, na kwa goti pia! Ndiyo sababu mtoto aliye na ugonjwa wa nyonga huja akilia goti. Watu wakalikanda goti, wasione kitu, wakamwita mvivu. Nasi walimu tumepata kufanya kosa hilo. Mtoto achechemeaye kwa goti lisilo na dosari, na apimwe nyonga.

Mlango wa nyuma ndio uliotufanya tuchague habari hii. Hapo hutoka mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, unene wake kama kidole. Hushuka ndani ya tako, kati ya mfupa tuukaliao na lile fundo la paja tuligusalo kwa upande, ukaenda kuitawala misuli ya nyuma ya paja na misuli yote iliyo chini ya goti.

Katika chuo chetu alikuwako kijana aliyetembea akiinua goti juu kama mtu apitaye majini, kwa kuwa unyayo wake ulining'inia. Alipokuwa mtoto alishikwa na homa ya malaria, na mtu asiyefundishwa akamdunga sindano ya kwinini katikati ya tako. Alilia kwa moto ulioshuka hadi vidoleni. Homa ilipona, unyayo haukuinuka tena.

Wauguzi hufundishwa kuligawa tako katika robo nne na kudunga robo ya juu iliyo upande wa nje, iliyo mbali na njia ya mshipa huo. Mtoto mchanga tako lake ni dogo na nyama yake ni haba, kwa hiyo chanjo zake hudungwa katika paja, upande wa mbele na nje, mahali pasipo mshipa mkubwa wa fahamu. Mama aweza kumshika mtoto mapajani pake, akauona mwenyewe mkono wa muuguzi unapoelekea.