Caribou: Nyasi za vita nazo zina majina

Kila nifundishapo Vita vya Pili vya Dunia, wanafunzi wangu hukariri majina ya majemadari na tarehe za mapigano pasipo kukosea. Nikiwauliza ni nani walioangamia, hunijibu kwa methali: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Jibu hilo ni sahihi, ila haliniridhishi. Nyasi nazo zina majina.

Ndiyo maana huwasimulia habari za Caribou. Meli hiyo ya abiria, iliyoendeshwa kwa mvuke, iliundwa Uholanzi mwaka wa 1925, nayo ilikuwa mali ya Reli ya Newfoundland. Wanafunzi hushangaa: reli na meli wapi na wapi? Huwakumbusha Kisumu, ambako Reli ya Uganda ilikuwa na meli zake za kuwapokea abiria pale njia ya garimoshi ilipokomea ziwani. Vivyo hivyo Newfoundland, kisiwa kilichoko mashariki mwa Kanada. Reli yake ilikomea Port aux Basques, na Caribou ikavusha watu baina ya bandari hiyo na North Sydney, Nova Scotia.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1942, iling'oa nanga North Sydney ikiwa na watu 237: wanajeshi, raia, watoto na mabaharia. Manowari ndogo ya Kanada, Grandmère, iliifuata kuilinda. Kabla ya mapambazuko, nyambizi ya Ujerumani, U-69, iliipiga kombora. Baada ya dakika chache tu, Caribou ilikuwa imezama.

Hapa ndipo huona uzito kusimulia. Grandmère ilijaribu kuigonga nyambizi, nayo ikapiga mbizi. Amri ya kijeshi ilikuwa wazi: adui asakwe kwanza, manusura waokolewe baadaye. Basi watu wakaachwa wakielea katika maji ya baridi kali, huku mlinzi wao akisaka asipate. Zaidi ya watu 130 walikufa. Nahodha Benjamin Taverner aliangamia pamoja na wanawe wawili, Stanley na Harold, waliokuwa mabaharia wake. Muuguzi wa jeshi la majini, Margaret Brooke, alimshikilia mwenzake, Agnes Wilkie, kwa saa nyingi, hata mawimbi yakampokonya.

Je, Grandmère ilikosea? Darasa hugawanyika. Wapo wasemao kwamba nyambizi ikiachwa itazamisha meli nyingine, na kwamba meli isimamayo kuokoa watu huwa shabaha. Wengine huuliza: ulinzi gani huo usiomwokoa anayelindwa?

Mimi simlaumu aliyetii amri katika giza lile. Lakini nashikilia kwamba hesabu ya vita haijakamilika mpaka tuwataje waliolipa. Hata U-69 ilizamishwa Februari 1943, na mabaharia wake wote wakafa. Nao walikuwa wana wa watu.

Kanada imelitambua hilo. Tangu mwaka wa 2022, jeshi lake la majini lina manowari iitwayo Margaret Brooke, jina la muuguzi wala si la jemadari. Mwalimu mwenzangu, ufundishapo tarehe ya vita, fundisha pamoja nayo walau jina moja la aliyekuwa abiria tu.