Pitaya nyumbani: Kipandikizi hukaushwa kwanza, ndipo kipandwe

MKAZI wa mjini mwenye nafasi ndogo nyuma ya nyumba anaweza kuvuna pitaya, tunda ambalo wengi huliita tunda la joka, bila ya kumiliki shamba. Hata hivyo, wapo wanaopoteza fedha zao katika wiki za mwanzo kwa kukitunza kipandikizi kama mchicha: hukipanda siku ileile waliyokinunua na kukimwagilia asubuhi na jioni. Matokeo yake, huoza.

Pitaya ni mmea wa jamii ya kakati wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Katika misitu ya huko huparamia miti na miamba, ukijishikiza kwa mizizi inayochipuka kwenye shina. Tabia hiyo ndiyo inayoongoza utunzaji wake: hupenda mwanga, hauvumilii maji yaliyotuama, nao huhitaji mahali pa kupanda juu.

Mbegu zake huota kwa urahisi, lakini mche wa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Kipandikizi kilichotoka kwenye mmea uliokwisha kuzaa huweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na matunda yake huwa sawa na ya mmea mama.

Kipandikizi kifaacho ni kipande cha shina lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, kisicho na madoa, kilichokatwa kwa kisu safi. Kikishakatwa, huwekwa kivulini kwa muda wa siku tano hadi saba ili sehemu iliyokatwa ikauke na kufanya gamba. Pasipo gamba hilo, kuvu hupenya kwa urahisi.

Upande uliokuwa chini kwenye mmea mama ndio unaopaswa kuingia udongoni. Ni vyema uwekewe alama mapema. Kina cha sentimita tano kinatosha. Udongo uwe mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyoiva, na chombo kiwe na matundu ya kupitishia maji. Maji yatolewe tu pale udongo wa juu unapokauka. Mizizi hutokea baada ya wiki tatu au nne hivi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, ni busara kusubiri mvua za masika za Machi hadi Mei zipite, au kuweka chombo chini ya paa.

Mmea ukishika, huhamishiwa kwenye nguzo imara ya zege au mbao ngumu, yenye urefu wa mita moja na nusu juu ya ardhi, na tairi kuukuu juu yake. Machipukizi ya pembeni hukatwa mpaka shina lifike kileleni. Hapo matawi huachwa yaning'inie, nayo ndiyo yatakayozaa. Mmea uliokomaa ni mzito. Mti mwembamba huweza kuanguka wakati matunda ndiyo kwanza yameanza.

Ua la pitaya hufunguka usiku mmoja tu na kunyauka asubuhi. Baadhi ya aina, hasa miongoni mwa zile zenye nyama nyekundu, hazizai kwa chavua yake zenyewe. Huhitaji chavua ya aina nyingine. Mkulima huweza kuihamisha kwa brashi laini usiku huo. Tunda huiva baada ya mwezi mmoja hadi mwezi na nusu hivi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji mambo mawili: je, mmea mama umekwisha kuzaa, na je, aina hiyo hujichavusha yenyewe? Asipopata jibu la uhakika, heri anunue vipandikizi vya aina mbili tofauti. Nguzo moja hubeba yote miwili, na gharama hiyo ya ziada ni ndogo kuliko kutunza kwa miaka miwili mmea unaochanua bila ya kuzaa.