Utangulizi: Mashabiki na Wenzao

Anayeingia katika taaluma ya utafiti wa mashabiki kwa mara ya kwanza huja na swali: kijana anafuata nini kwenye nyimbo za lugha asiyoijua? Karibu, ila jibu usilitafute jukwaani. Litafute kwa waliosimama chini ya jukwaa, bega kwa bega.

Chukua mashabiki wa BTS, kundi la Korea Kusini lililoanza mwaka 2013. Wao hujiita ARMY. Muziki ukianza, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ukumbi mzima huyataja kwa sauti majina ya vijana wote saba kwa mpangilio uleule, kuanzia Kim Namjoon hadi Jeon Jungkook. Anayeujua mpangilio huo huketi kati ya watu asiowahi kuwaona na wala haonekani mgeni. Ndani ya albamu mna kadi ya picha, nayo ni bahati nasibu: ukimpata usiyemtaka, shurti umtafute wa kubadilishana naye. Biashara hiyo haina huruma na mfuko wa mwanafunzi, hilo tusilifiche. Lakini urafiki unaoanzia kwenye kubadilishana kadi haukutiwa bei na kampuni. Wapo pia wanaokesha wakitafsiri mahojiano ya Kikorea, bila ujira, ili wenzao waelewe. Mwaka 2020 BTS na kampuni yao walipolichangia vuguvugu la Black Lives Matter dola milioni 1, mashabiki walichangishana kiasi hichohicho kwa muda wa siku moja hivi.

Wengi huanza kuisoma taaluma hii kwa Henry Jenkins na kitabu chake cha 1992 kuhusu mashabiki. Kabla yake, Angela McRobbie na Jenny Garber walikwisha kuuliza mbona watafiti wanawaandika wavulana wa mitaani tu, na wasichana wanaosikiliza muziki vyumbani hawaonekani. Mimi humwanzisha mwanafunzi na Terence Ranger, aliyeandika mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni. Vijana wa pwani yetu walichukua tarumbeta na gwaride za Wazungu, wakajipa vyeo, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na ngoma. Na mwenzao akifa, chama kilimzika. Anayedhani mambo haya yamezaliwa na intaneti hajamsoma Ranger.

Basi ukienda kuwahoji mashabiki, usianze kwa kuwauliza wanampenda mwimbaji gani. Waulize nani aliwaingiza kundini.