Mary Antin na Lugha ya Wabishao Hodi

Katika fasihi ya wahamiaji wa Marekani ni nadra kumpata mwandishi ambaye kuihama nchi na kuihama lugha kumefungamana kwake kama kulivyofungamana kwa Mary Antin. Alizaliwa mwaka wa 1881 katika Polotsk, mji ulio leo katika nchi ya Belarus, nao wakati ule ulikuwa ndani ya mipaka ambamo dola ya Kirusi iliwaamuru Mayahudi wake kukaa. Jina lake la nyumbani lilikuwa Maryashe. Baba yake alitangulia Boston mwaka wa 1891. Mama na watoto wakamfuata mwaka wa 1894 kwa njia ya Hamburg, ambako walitiwa karantini kabla ya kuruhusiwa kupanda meli.

Safari hiyo aliisimulia kwa Kiyidi, lugha ya mama yake, katika barua ndefu kwa jamaa aliyebaki Polotsk. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiingereza, ikapigwa chapa mwaka wa 1899 kwa jina la From Plotzk to Boston. Jina hilo lina kosa, maana mji aliotoka ni Polotsk, siyo Plotzk. Hivyo mwandishi aliingia katika fasihi ya lugha mpya, na jina la kwao limekwisha haribika mlangoni.

Kitabu kilichompa sifa ni The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi, cha mwaka wa 1912. Kwa mwanafunzi wa lugha, sehemu iliyo bora ni ile ya shuleni. Humo Antin aeleza jinsi alivyotaabishwa na sauti mbili za Kiingereza: ile iandikwayo th, na ile ya w, ambazo hazimo katika Kiyidi. Ulimi uliozoea v uliigeuza kila w kuwa v, hata mwalimu akamfanyiza zoezi la kuyatamka maneno yenye sauti hizo mbili kwa zamu, moja baada ya jingine. (Mswahili wa pwani, aliyezoea kusema thelathini na dhahabu, asingepata taabu hiyo.) Tena mwishoni mwa kitabu aliweka faharasa ya maneno ya Kiyidi, Kiebrania na Kirusi, pamoja na maelezo ya matamshi. Kwa faharasa hiyo mambo yaligeuka: aliyefundishwa kutamka sasa amfundisha mwenyeji kutamka.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na gharama, na si yeye aliyeilipa peke yake. Siku walipopelekwa shule wale wadogo, dada yake mkubwa alipelekwa kazini kushona nguo. Antin hakulificha jambo hili, ingawa furaha ya kitabu chake yaelekea kulifunika. Vivyo hivyo aanza kitabu kwa kusema kwamba mtu anayesimuliwa amekuwa mwingine kabisa na msimulizi. Dai hilo ni zito mno kuliko ushahidi wa kurasa zinazofuata, kwa kuwa penye nguvu zaidi katika kitabu ni habari za Polotsk.

Tangu mwaka wa 1913 alizunguka Marekani akitoa hotuba, na mwaka wa 1914 alitoa They Who Knock at Our Gates, kitabu cha kuwatetea hao wabishao hodi. Alikijenga juu ya maswali matatu: je, wenyeji wana haki ya kuwazuia wageni? Wageni wa siku hizo ni watu wa namna gani? Na kuja kwao kwafaa nchi? Swali la kwanza alilijibu kwa Tangazo la Uhuru la mwaka wa 1776, akilishika kama Myahudi ashikavyo Torati: yaliyoandikwa humo kuhusu haki za watu wote hayawezi kuishia ufukoni. Ellis Island aliifananisha na Plymouth Rock, mahali ambapo Wamarekani huwakumbukia wahenga wao waliofika mwaka wa 1620. Barrett Wendell, profesa wa Harvard, alichukizwa na tabia yake ya kujiita Mmarekani. Chuki hiyo yaonyesha kwamba hoja ilikuwa imefika ilikokusudiwa. Upungufu wake ni kwamba mifano yake ilielemea mno wageni kutoka Ulaya.

Hoja zake hazikushinda bungeni. Sheria ya mwaka wa 1917 ilimtaka mhamiaji aliyepita umri wa miaka 16 aweze kusoma, ingawa kwa lugha yoyote, Kiyidi na Kiebrania pia. Sheria ya mwaka wa 1924 ilikaza zaidi: kila taifa lilipewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya mwaka wa 1890, na watu wa Asia karibu wote walifungiwa. Sensa hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, kwa sababu Mayahudi wa Urusi na Waitalia wengi walifika baada yake. Antin mwenyewe alifika miaka minne baadaye.

Wakati huo afya yake ilikuwa imevunjika na ndoa yake na mwanajiolojia Amadeus Grabau imetengana. Mume alikwenda China mwaka wa 1920. Antin aliandika machache tu tangu hapo. Mwaka wa 1941, Mayahudi wa Ulaya walipokuwa wakiteswa, alitoa insha katika jarida la Common Ground akikiri udugu wake na watu ambao alikuwa amejitenga nao kwa muda mrefu. Alikufa mwaka wa 1949. Mgawo wa kimataifa wa wahamiaji ulikuwa bado ni sheria, nao haukuondolewa hata mwaka wa 1965.